Kabla Hujasema Wameharibu Hadithi, Rudi Kwenye Kitabu

Juzi nilikuta ujumbe mrefu wa msomaji wangu mmoja. “Shikamoo kaka. Nimeandika uchambuzi wa namna walivyomuua Eskel, mwindaji wa mazimwi kwenye tamthilia ya The Witcher, nikauweka kwenye kundi letu la mashabiki. Nimeitwa mjuaji, nimeitwa mharibu raha, mwisho nimejitoa mwenyewe. Wewe unafanyaje mpaka watu wanakusikiliza?”

Marahaba, mdogo wangu. Ningeweza kukujibu faraghani, lakini najua karibu kila anayepita hapa ana ndoto ileile: kuwa mchambuzi ambaye filamu ikitoka watu wanauliza kwanza yeye kasemaje. Basi tusikie wote.

Mimi nilijulikana kwa sababu ya Arwen, binti wa kielfi kwenye hadithi ya J. R. R. Tolkien. Wakati huo nilikuwa kwenye kundi kubwa la wapenzi wa The Lord of the Rings, na ugomvi mmoja ulikuwa hauishi. Kwenye filamu ya kwanza, ya mwaka 2001, Frodo, yule hobiti mdogo aliyebeba Pete yenye nguvu mbaya, amechomwa kisu na anakaribia kufa. Arwen anampakia kwenye farasi wake, anavuka naye mto, anawageukia wale wapanda farasi weusi tisa akiwa ameshika upanga na kuwaambia kama wanamtaka waje wamchukue. Kwenye kitabu Arwen hayupo pale kabisa. Anayemkuta Frodo njiani ni Glorfindel, elfi mwenye cheo na historia ndefu. Basi kundi likagawanyika. Hawa wanasema Glorfindel kaporwa. Wale wanasema Arwen alistahili kupewa kazi, kwa sababu kitabuni habari zake nyingi zimetupwa kwenye viambatisho vya mwisho. Wiki nzima watu wanarushiana maneno, na nina hakika nusu yao hawakuwa wamefungua kitabu tangu siku walipokimaliza.

Mimi nilikifungua. Nikasoma sura ile taratibu, na nikaona jambo ambalo hakuna upande uliokuwa umelitaja. Glorfindel hamvushi Frodo. Anampandisha kwenye farasi wake Asfaloth na kumwachia aende. Frodo anavuka peke yake, kipande cha kisu kikiwa bado ndani ya jeraha lake. Anafika ng’ambo, anageuka, anainua upanga kwa mkono unaotetemeka na kuwaambia wale tisa kwamba hawatapata Pete wala yeye mwenyewe. Ni hobiti mgonjwa, hana mtu pembeni yake, anawajibu viumbe wanaotisha kuliko wote waliowahi kumfuata. Kwenye filamu Frodo huyohuyo ni mzigo juu ya farasi. Ushujaa wake umehamishiwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo aliyeporwa hakuwa Glorfindel. Ni Frodo, steringi mwenyewe, na wote tulikuwa tunapiga kelele kuhusu nani amempa lifti.

Niliandika hayo yote, nikanukuu sura, nikaweka kundini. Msimamizi akafuta. Sababu aliyonipa ni kwamba andiko lilikuwa refu na lingeleta mgawanyiko, kana kwamba mgawanyiko ulikuwa unaningoja mimi. Hilo nililimeza. Lakini baadaye mwanachama mwingine wa kundi lilelile, ambaye aliniunga mkono siku ile, akaibuka na hoja ya Frodo kama ameiota usiku. Akapigiwa makofi. “Hili hakuna aliyewahi kuliona,” wakasema. Msimamizi yule naye alikuwemo kwenye kupongeza. Sikutajwa hata kwa herufi. Naandika haya huku natabasamu, ila msidhani nimesahau.

Nilichofanya ni kuliweka andiko langu kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Likatembea. Likatembea mpaka likanirudia kwenye simu, nimetumiwa na binamu yangu akiniambia, “Soma hii, huyu jamaa anajua.” Nikamjibu kwamba jamaa ni mimi. Hakuamini mpaka leo.

Miaka iliyofuata sina haja ya kuisimulia, ilikuwa ni kusoma na kuandika tu. Twende kwenye ushauri.

Ushauri wa kwanza ni kurudi kwenye kitabu. Najua unasikika wa kitoto, lakini mashabiki wengi hawatetei kitabu, wanatetea kumbukumbu. Chukua Dracula. Kila mtu “anajua” kwamba jua linamuua, na ikitoka filamu inayomwonyesha akitembea mchana watu wanalia kwamba kanuni zimevunjwa. Fungua riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897. Dracula yumo mitaani London mchana kweupe, ila nguvu zake zimepungua. Kifo cha jua kilikuja na filamu ya Kijerumani, Nosferatu, ya mwaka 1922, ambayo hata haikuwa na ruhusa. Mjane wa Stoker aliwapeleka mahakamani na ikaamriwa nakala ziharibiwe. Yaani kanuni inayolindwa kwa machozi leo ilizaliwa ndani ya filamu ya wizi. Kofia ya Sherlock Holmes nayo ni hivyohivyo, sehemu kubwa ni kazi ya mchoraji Sidney Paget. Na ile “Elementary, my dear Watson” ambayo kila mtu anaiigiza, mwandishi wa Holmes, Conan Doyle, hakuiandika hivyo kwenye hadithi hata moja.

Sasa Eskel wako. Nimesoma andiko lako lote. Unasema wamemuua mtu “tuliyekua naye”. Tulikua naye wapi? Kwenye riwaya ya Blood of Elves yumo kwenye ngome yao, Kaer Morhen, na wenzake wakimfundisha binti Ciri. Ni mtu mpole mwenye kovu baya usoni, na kurasa zake si nyingi. Eskel ambaye wengi tunamlilia tulimjua kwenye mchezo wa kompyuta, The Witcher 3 wa mwaka 2015, tulipowinda naye na kulewa naye. Si dhambi, mimi pia nilimpendea huko. Lakini ukimwambia mtu aliyesoma vitabu vya mwandishi mwenyewe, Sapkowski, kwamba tamthilia imesaliti kitabu, halafu ushahidi wako wote umetoka kwenye mchezo, atakumaliza kwa sentensi moja, na ndicho kilichokupata.

La kusikitisha ni kwamba hoja nzuri ulikuwa nayo mkononi. Msimu wa pili, wa mwaka 2021, unamleta Eskel mkorofi, mlevi, anayejaza makahaba kwenye ngome ambayo ni kama hekalu lao, na ndani ya sehemu hiyohiyo moja anageuka zimwi la msitu na kufa. Upole wake, kitu pekee kinachomtambulisha kitabuni, haupo. Waliyemuua ni mgeni aliyepewa jina la Eskel. Hapo ungeanzia, na upole huo ungeunukuu kutoka kitabuni, usingetukanwa. Au ungetukanwa, lakini na wasiosoma.

Ushauri wa pili: tofautisha tukio na uamuzi. Matukio yatabadilika tu. Kitabu cha kurasa mia saba hakiingii kwenye saa tatu bila kukatwa, na anayelilia kila kilichokatwa anajichosha. Tom Bombadil wa The Lord of the Rings hakuingia kwenye filamu na mimi sijawahi kuandika hata aya kumlilia. Anayenihusu ni mtu aliyefika njia panda. Kitabuni kachagua nini, na kwenye skrini kachagua nini?

Faramir ndiye mfano wangu wa kudumu, na wanaonifuata mnajua nikianza habari za Faramir sikamatiki. Kwenye The Two Towers ya mwaka 1954 yeye ni kapteni wa askari, anawakamata Frodo na mwenzake Sam, Sam anaropoka habari ya Pete, na Faramir anaiacha. Alishasema kwamba kitu cha namna ile hata akikikuta kimelala barabarani hakiokoti. Anawapa chakula, anawaruhusu waende. Kaka yake Boromir aliangushwa na kitu hichohicho, na nduguye anakipita. Tolkien mwenyewe aliandika kwenye barua kwamba kama kuna mhusika anayefanana naye basi ni Faramir. Filamu ya mwaka 2002 inamfanya awaburute mpaka mji wa Osgiliath kwa nia ya kumpelekea baba yake Pete, kisha dakika za mwisho anabadili mawazo.

Waliotengeneza filamu walijieleza, na sababu zao nazijua: walishatumia muda mwingi kuonyesha kwamba Pete inamwangusha kila mtu, sasa akitokea mtu asiyetikisika itaonekana haina nguvu. Tena pambano la buibui Shelob walilisogeza kwenye filamu ya tatu, hivyo hapa walihitaji kilele kingine. Ni sababu za watu wenye akili. Bado nasema walikosea. Hadithi nzima inasema kwamba Pete inaweza kukataliwa, na Faramir ndiye shahidi. Ukimwondoa shahidi, kinachobaki ni watu wote dhaifu na bahati nzuri. Filamu ya tatu ilizoa Oscar 11 kati ya 11 ilizoshindania, na hakuna hata moja inayonijibu hilo.

Tolkien alishakutana na jambo hili mapema. Mwaka 1958 aliletewa mpango wa skripti, akaurudisha na maoni marefu yenye hasira ya kistaarabu. Alisema filamu mbaya mara nyingi huharibika kwa kukuza mambo kupita kiasi na kuchomeka yasiyotakiwa, kwa sababu aliyeziandika hakuona moyo wa hadithi uko wapi. Hapo ndipo pa kutafuta. Na moyo wa hadithi hauonekani kwa kusoma maoni ya watu wengine, unaonekana ukirudi kwenye kitabu. Najirudia, najua.

Kuna mahali kanuni yangu inanisumbua, sitaki kuwaficha. Dune: Part Two ya mwaka 2024 imembadilisha Chani, mpenzi wa shujaa Paul, kabisa. Kitabuni, mwaka 1965, anabaki na Paul hata Paul anapochukua binti wa mfalme kwa ajili ya kiti cha enzi. Kwenye filamu anamtilia shaka, anamkasirikia, na mwisho anaondoka. Uamuzi umegeuzwa kichwa chini. Kwa kipimo changu ningepaswa kukasirika. Lakini mwandishi, Frank Herbert, alitaka tuwaogope mashujaa, wasomaji wengi wakamshangilia Paul, na kitabu cha pili cha mwaka 1969 kinalirudia jambo hilo kwa sauti kubwa zaidi. Filamu imempa Chani macho ya kuona alichokiona Herbert. Moyo wa hadithi umesalimika, na Chani wa kitabuni amelipia gharama. Nimeandika kuhusu hili na kufuta, nikaandika tena. Nampenda Chani wa kitabuni na naona filamu ilikuwa na haki. Anayeweza kunipatanisha aniandikie.

Dumbledore, mwalimu mkuu wa Harry Potter, sitajadili. Kitabu kinasema alimuuliza Harry kwa utulivu kama ameweka jina lake kwenye Kombe la Moto, filamu ya mwaka 2005 inamwonyesha akimvamia na kumshika kwa nguvu. Yameshasemwa yote.

Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri ninyi mnaotaka kuitwa wachambuzi. Mwigizaji hakuandika skripti. Kijana aliyepewa nywele za rangi isiyo ya kitabuni hakujipaka mwenyewe. Ukimtukana, hoja yako imekufa hata kama ilikuwa ya dhahabu, na uliowakasirikia kwa haki watapita wakicheka. Acheni pia kumsemea marehemu. “Mwandishi angelia kaburini” si hoja. Conan Doyle aliulizwa na William Gillette, aliyekuwa anaandaa tamthilia ya jukwaani kuhusu Holmes, kama anaweza kumwoza. Akajibu kwa simu ya maandishi kwamba anaweza kumwoza, kumuua au kumfanya apendavyo. Waandishi wengine hawana wivu kama wetu. Anayeheshimu hadithi anataja sura, anataja neno, anamwachia mtu utu wake. Asiyeweza hayo na abaki kushangilia, kushangilia nako ni kazi.

Wapo pia waandishi walio hai wanaojisemea wenyewe, na hao wasome kama masomo ya bure. Septemba 2024 George R. R. Martin aliandika kuhusu msimu wa pili wa House of the Dragon, tamthilia inayotokana na kitabu chake, na mtoto mmoja aliyeondolewa, Maelor. Mashabiki wengi walisema ni kelele za bure, mtoto mwenyewe hana hata sentensi. Rudi kwenye Fire & Blood ya mwaka 2018. Wauaji wanamvizia malkia Helaena chumbani kwa mama yake na kumlazimisha achague ni yupi kati ya wanawe wawili afe. Anamtaja Maelor, mdogo. Wao wanamuua yule mwingine, Jaehaerys, na kumwacha mama aishi na mtoto aliyesikia jina lake likitajwa. Kwenye tamthilia Maelor hayupo, wako pacha tu, wa kike na wa kiume. Wauaji wanataka wa kiume, Helaena anaonyesha ni yupi, basi. Hakuna cha kuchagua. Kitabuni Maelor anakuja kufa naye baadaye, na Martin alieleza kwamba ukimtoa sasa umetoa pia nguzo za mambo yanayomfika mama yake mbele ya safari. Andiko lile halikukaa muda mrefu kabla ya kuondolewa. Anayetafuta kitu cha kuandika wiki hii aanze na Helaena, na aniletee akiwa na kitabu mkononi.