Pawasaplai kubwa isiyo na kelele kwa studio ya video na sauti

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Mwanza, nahariri video na kurekodi sauti za matangazo kwenye chumba kimoja. Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya Core i9-14900K, kadi ya picha RTX 4080 na pawasaplai (kile kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kwa ajili ya kompyuta) ya wati 750. Nikianza kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, feni inanguruma mpaka maikrofoni inainasa. Muuzaji mmoja kaniambia ninunue ya wati 1200. Mwingine anasema hiyo itanimalizia uniti za LUKU, nitafute tu yenye nembo ya Titanium, hata kama wati ni zilezile. Mbele ya safari nataka kuhamia RTX 5090. Nimsikilize nani?

JIBU: Nzuri, dada. Wa kwanza yuko karibu zaidi na ukweli. Ila kabla hujatoa hela, hakikisha kwanza kwamba anayepiga kelele ni pawasaplai kweli, maana watu wengi wanabadilisha kifaa kizima halafu mngurumo unabaki palepale.

Kunja karatasi ngumu iwe mrija. Wakati mashine inarenda, weka ncha moja sikioni na nyingine ipitishe polepole nyuma ya kasha: kwenye matundu ya pawasaplai, kwenye kadi ya picha, kwenye feni ya kutoa hewa ya nyuma, kisha juu kwenye kipozeo cha prosesa. Usiguse kitu, sikiliza tu. Sauti ya upepo mzito ikizidi pale kwenye matundu ya pawasaplai, umempata. Ukisikia mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika kila picha inapobadilika kwenye skrini, hiyo si feni. Ni koili zinazotetemeka, na mara nyingi ziko kwenye kadi ya picha. Pawasaplai mpya inaweza isiutibu mlio huo kabisa.

Tuseme ni pawasaplai. Sasa tupige hesabu. Prosesa yako, kwa kikomo cha Intel wenyewe, inaweza kula wati 253. RTX 4080 ni wati 320. Mazabodi (bodi kuu), RAM, diski na feni tuziwekee 80. Zikikaza zote kwa pamoja unafika kama wati 650. Kwenye pawasaplai ya 750 hiyo ni karibu asilimia 87 ya uwezo wake, na hapo feni ya ndani haina njia nyingine ila kuzunguka kwa kasi. Mzigo uleule ukiuweka kwenye ya wati 1000 unakuwa asilimia 65, na kwenye ya 1200 asilimia 54. Pawasaplai nzuri nyingi zikiwa nusu ya mzigo, feni inazunguka taratibu, na nyingine haizunguki kabisa. Kwa hiyo wati zile za ziada hununui nguvu ambayo hutaitumia. Unanunua ukimya.

Kuhusu LUKU, huyo wa pili kakutisha bure. Namba ya wati 1200 ni uwezo wa juu kabisa, si kiasi inachokula kila saa. Kompyuta inavuta inachohitaji, na juu yake unalipia kile kinachopotea kama joto wakati umeme wa ukutani unageuzwa. Hapo ndipo nembo za 80 PLUS, yaani madaraja ya ufanisi, zinapokuja. Kwenye umeme wetu wa volti 230, kwa nusu ya mzigo, Bronze inatakiwa kufikisha asilimia 88, Gold 92, Platinum 94 na Titanium 96. Ukiwa unatumia wati 650 ndani ya kasha, Bronze inavuta ukutani kama 739, Gold kama 707, Titanium kama 677. Yaani Bronze inatupa wati 89 za joto, Gold 57, Titanium 27. Kutoka Bronze kwenda Gold joto linapungua kwa wati 32 hivi. Kutoka Gold kwenda Titanium unaokoa wati 30 nyingine, ambazo ukirenda saa nane mfululizo ni robo ya uniti. Bei ya Titanium hairudi kwa hesabu hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: nembo ya 80 PLUS haipimi sauti hata kidogo. Inapima ufanisi tu, tena kwenye chumba cha nyuzi joto 23 hivi, na chumba chako cha Mwanza mchana, milango imefungwa kwa ajili ya kurekodi, hakifanani na hicho. Ukitaka kipimo cha sauti tafuta cha Cybenetics, maabara ya Kupro. Wana daraja waliloliita LAMBDA kwa ajili ya kelele: A++ ni chini ya desibeli 15, A+ ni 15 hadi 20, A ni 20 hadi 25, A- ni 25 hadi 30. Kwa studio yako usishuke chini ya A. Ningependa upate A+. Taarifa zao ziko wazi kwenye intaneti kwa kila modeli, na zinaonyesha kelele inavyopanda kadiri mzigo unavyopanda, kwa hiyo nenda uangalie pale kwenye wati 650, kisha kwenye wati 900.

Kwa nini 900? Kwa sababu ya hiyo RTX 5090. Yenyewe ni wati 575. Ongeza prosesa na vingine, unafika 908. NVIDIA wanapendekeza pawasaplai ya wati 1000, na itafanya kazi, lakini utakuwa umerudi kwenye asilimia 90 na mngurumo uleule unaoukimbia. Ndiyo maana nakwambia nunua 1200 sasa, mara moja. Kama mpango wa 5090 ungekuwa haupo, ningekuambia 1000 inatosha na chenji ukanunulie maikrofoni.

Tafuta iliyoandikwa ATX 3.1, au angalau ATX 3.0. Viwango hivi vya pawasaplai vilianza 2022 kwa sababu kadi za siku hizi hazivuti umeme kwa utulivu. Zinaruka juu ghafla kwa muda mfupi sana, na pawasaplai ya kiwango hicho inapaswa kuvumilia mruko wa hadi mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Inakuja pia na kebo moja ya pini 16 kwa ajili ya kadi. Kebo hiyo isukume mpaka mwisho, usione mwanya wowote, na usiikunje karibu na kichwa chake. Mwishoni mwa 2022 kulikuwa na vichwa vilivyoyeyuka kwenye RTX 4090, na NVIDIA walieleza kwamba sababu kuu waliyoiona ni kutochomekwa hadi mwisho. Na tafadhali, kebo za pawasaplai ya zamani zitoe zote. Hata zikiingia vizuri upande wa pawasaplai mpya, mpangilio wa pini unaweza kuwa tofauti, na ukiwasha unachoma diski au mazabodi.

Ukifika dukani, geuza boksi usome lebo, usisome maandishi makubwa ya mbele. Kuna safu ya +12V. Prosesa na kadi ya picha zinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Pawasaplai ya kweli ya wati 1200 itaandika ampea 100 au karibu sana na hapo. Ukikuta imeandikwa 750W kwa herufi za dhahabu halafu safu ya +12V ina ampea 32, hiyo ni wati 384, iache palepale. Shika pia uzito wake. Nyepesi kupita kiasi ina vipande vichache ndani. Ya kuaminika ina dhamana ya miaka 10 au zaidi: Corsair RMx wanatoa miaka 10, Seasonic Prime miaka 12. be quiet! Dark Power nayo ni nzuri sana kwa sauti. Angalia feni iwe ya milimita 135 au 140 ukiipata, kwa sababu feni pana inasukuma hewa ileile kwa mizunguko michache.

Nyingi za hizi zina swichi ya kuzima feni mzigo ukiwa mdogo. Kwa mtu wa kawaida ni kitu kizuri. Kwako wewe, nashauri uizime swichi hiyo, feni izunguke taratibu muda wote. Chumba chenye joto kinafanya feni isimame, iwake, isimame, iwake, na sikio, hasa kwenye rekodi, linakamata mabadiliko hayo kuliko mvumo mdogo ulio sawasawa.

Kama unatumia UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika), iangalie kabla ya siku umeme utakapokatika. Nyingi za zile ndogo za 650VA hazizidi wati 400, kwa hiyo kurenda kwako kutaizima papo hapo. Pawasaplai hizi pia hazielewani vizuri na UPS za bei nafuu zinazotoa umeme wa wimbi la ngazi, lisilo laini. Zikiingia kwenye betri, kompyuta inaweza kuzimika au pawasaplai ikalia. Tafuta iliyoandikwa "pure sine wave", yaani ya wimbi laini kama la umeme wa ukutani, na soma wati zake, si VA: kwa sasa iwe na wati 900 halisi, na kwa 5090 zaidi ya hapo.

Hela ikiwa bado haijatimia, kuna la kufanya leo bila kununua kitu. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi inayofunguka kabla ya Windows), isasishe, kisha weka prosesa kwenye vikomo vya Intel. Mazabodi nyingi za kizazi hicho zilitoka na vikomo vimeachwa wazi, na mwaka 2024 Intel walitoa masasisho baada ya prosesa za aina hiyo kuanza kuharibika kwa volti kubwa mno. Kikomo cha kadi kishushe hadi asilimia 80. Utapoteza kasi kidogo tu, lakini unaondoa zaidi ya wati 60 kwenye mzigo. Kama kasha liko juu ya zulia, liinue, maana feni ya pawasaplai inavuta hewa kutoka chini, na uoshe kichujio chake cha vumbi. Usimruhusu mtu aifungue pawasaplai yenyewe kuipaka feni mafuta. Kapasita za ndani, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa waya ukutani.