Amplifaya ndogo ya sebuleni: anza kusoma adapta

Baba mdogo alipostaafu na kurudi Korogwe aliniachia vitu viwili: kabati la vyombo ambalo halipiti mlangoni kwangu, na spika mbili za mbao za miaka ya 1980, kila moja nzito kama ndoo ya maji. Kabati nililiuza. Spika nikazipakia kwenye bajaji mpaka Tabata, dereva akinitazama kwenye kioo kama mtu aliyeiba kanisani.

Amplifaya yake ya zamani ilikuwa imeshakufa. Ile aisii kubwa ya STK iliyokuwa ndani, kipande chenye kazi ya kukuza sauti, iliungua, mafundi wawili kwa nyakati tofauti wakaniwekea mpya, na hakuna iliyomaliza wiki mbili. Aisii hizo feki zimejaa, na fundi mwenyewe mara nyingi hajui kauziwa nini mpaka aiwashe. Nikachoka. Nikaamua kutafuta hizi amplifaya ndogo za kisasa, zenye ukubwa wa kitabu cha daftari, Bluetooth ndani, na kitufe kimoja cha kuzungusha mbele.

Tangu hapo nimenunua tatu. Ya kwanza ilikuwa takataka. Ya pili inaimba hapa ninapoandika. Ya tatu nilimnunulia dada yangu Morogoro, na hiyo niliichagua kwa dakika kumi tu kwa sababu shule nilishalipia ada kwenye ile ya kwanza.

Ile ya kwanza niliichukua Kariakoo. Usoni ina stika ya dhahabu: 400W + 400W. Kijana wa duka akaniambia, "Bosi, hii ukifungulia nusu tu bati linang'oka." Nikatoa elfu 45, nikafika nyumbani, nikafunga waya. Kwa sauti ya chini haikuwa mbaya. Nilipoipandisha kufika nusu, mwimbaji akaanza kukwaruza kama mwenye mafua, besi ikakauka, na bati halikutikisika hata msumari mmoja. Mimi nikadhani ni spika zimezeeka, nikaendelea kukandamiza. Wiki ya pili twita ya kushoto, ile spika ndogo ya sauti za juu, ikanyamaza.

Nikabeba kila kitu mpaka kwa mzee mmoja fundi redio Buguruni. Nilitegemea afungue amplifaya. Hakuigusa. Alichukua adapta, akaigeuza chini, akavaa miwani.

"Hii imeandikwa nini?"

"Volti 12, ampea 2, mzee."

"Zidisha."

"24."

"Sasa hizo mia nane zinatoka wapi, mwanangu? Kwa maombi?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ninachonunua. Volti za adapta ukizizidisha kwa ampea zake unapata wati zote ambazo mashine inaweza kuvuta kutoka ukutani, kwa spika zote mbili kwa pamoja, na nyingine zinapotea njiani. Stika ya mbele ni maneno ya muuzaji. Adapta haina sababu ya kukudanganya sana, kwa sababu huwa hakuna anayeisoma. Ni mchezo uleule wa masabufa yenye "PMPO", yaani wati za kutangazia tu, ya maelfu ubavuni huku waya wake wa umeme ni mwembamba kama wa chaja ya simu.

Kuna hesabu ya pili ambayo mzee alinichorea nyuma ya risiti, na hii nakuomba uishike. Geuza spika yako utazame omu, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, ile alama inayofanana na kiatu cha farasi. Spika nyingi za nyumbani ni omu 8, 6 au 4. Chukua volti za adapta, zizidishe kwa zenyewe, kisha gawa kwa omu zilizozidishwa kwa mbili. Kwa volti 12 na spika ya omu 8: 144 gawa kwa 16, unapata wati 9. Tisa! Hizo ndizo wati safi kabisa ambazo ile mashine ya dhahabu ingeweza kunipa kwa kila spika. Ukiiweka kwenye volti 19, kama chaja nyingi za laptop, zinakuwa 22 na ushee. Volti 24 zinakupa 36. Ukizidi hapo mawimbi ya muziki yanakatwa vichwa, na huo ndio mkwaruzo niliousikia.

Na twita ilikufaje kwa wati tisa? Nilimuuliza, maana spika imeandikwa wati 40. Akasema haikuuawa na nguvu, imeuawa na uchafu. Wimbi likikatwa kichwa linazaa sauti kali za juu ambazo hazikuwepo kwenye wimbo, na sauti za juu zote zinaelekezwa kwa twita, kitu chenye waya mwembamba kama unywele. Kwa hiyo amplifaya dogo linalolazimishwa linaweza kuunguza spika ambayo amplifaya kubwa lililotulia lingeimbisha miaka ishirini.

Baada ya hapo nilisoma sana, pengine kupita kiasi. Hizi mashine ndogo nyingi ni za klasi D. Chipu yake inawasha na kuzima umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde badala ya kuubana polepole, ndiyo maana karibu asilimia 90 ya umeme inafika kwenye spika na haihitaji lile bati kubwa la kupoza joto. Ukikutana na chipu ya TPA3116D2 ya Texas Instruments, hiyo ndiyo ya kawaida kwenye bei ya chini, nayo inapokea mpaka volti 26. Kaka yake mkubwa, TPA3255, anakwenda mpaka volti 50 na kidogo. Zote mbili ni chipu nzuri. Lakini chipu kubwa iliyopewa adapta ya volti 24 ni lori lililowekewa injini ya pikipiki, na wauzaji wengi wanatangaza chipu, kisha adapta unaambiwa "inauzwa pembeni". Uliza bei ya pamoja.

Yangu ya pili ni ya TPA3116, na nilikataa kuinunua mpaka muuzaji alipofungua boksi nikaona adapta ya volti 24 ampea 5. Wati 120 kwa jumla. Inanitosha na kubaki. Chumba changu na sebule kwa pamoja hakizidi hatua nane, na spika ya kawaida ukiipa wati moja tu inaimba kwa nguvu ya mtu anayepaza sauti. Kutoka wati 36 kwenda 72 masikio yanaongezewa desibeli 3, tofauti ambayo mgeni wako hataigundua usipomwambia. Kwa hiyo mtu akikushawishi uongeze pesa ili kupata wati mara mbili, ziweke hizo pesa kwenye spika.

Kwa kweli ningeanzia hapo. Kama huna spika, tafuta spika kwanza, na za mtumba ndizo zenye thamani: boksi la mbao zito, koni isiyochanika, na ile pete ya pembeni ya koni ibonyeze taratibu kwa kidole. Ikiwa ni ya sponji na inamung'unyika kama keki ya juzi, achana nayo au omba upunguziwe gharama ya kuibadilisha. Halafu chukua betri ya volti 1.5 ya rimoti, gusa ncha chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi kwa sekunde moja. Koni isogee mbele. Ukifanya hivi kwa zote mbili unajua spika zinapumua pamoja. Zikifungwa kinyume, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inakufa, na utakuja kuilaumu amplifaya bure.

Amplifaya za mtumba, zile nzito za klasi AB, mtindo wa zamani wa kuubana umeme polepole? Nazipenda, na sauti yake ni tamu. Ila nyingi hutoka Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Tazama nyuma kabla ya kuchomeka. Ikiwa imeandikwa AC 100V unahitaji transfoma ya kushusha, na hiyo nayo ni gharama na uzito. Rafiki yangu hakutazama. Alisikia "pu", akaona moshi, na ndiyo ikawa historia yake ya muziki mnene. Adapta za hizi ndogo nyingi zinakubali kuanzia 100 mpaka 240, hivyo umeme ukilegea jioni hazijali. Umeme ukikatika, chomoa hata hivyo. Ukirudi huwa unarudi kwa hasira.

Jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia, na lingeweza kuua mashine mpya: kwenye amplifaya hizi tundu jeusi la spika si "asi", yaani upande uliotulia usiosukuma umeme. Matundu yote mawili, jekundu na jeusi, yanasukuma umeme kwa zamu. Mpangaji aliyenitangulia alipitisha ukutani waya tatu kwa spika mbili, hasi ikiwa moja ya kuchangia, mtindo uliokuwa sawa kwa redio za zamani. Nikaunga hapo. Mashine ikazima yenyewe, nikawasha, ikazima. Bahati ilikuwa na kinga ndani. Kila spika ipewe jozi yake ya waya kutoka mwanzo hadi mwisho, na hasi za kushoto na kulia zisikutane popote. Waya wenyewe usiumize kichwa: waya wa umeme wa shaba wa milimita 1.5 unatosha kabisa kwa mita tano. Angalia tu iwe shaba kweli. Kwangua ncha kwa kisu. Ikitoka nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba juu.

Mengine nayapitia haraka. Vile vitaa vya glasi vinavyowaka rangi ya chungwa mbele, vali za mtindo wa redio za zamani, vinapendeza usiku, ila kwenye baadhi ya mashine mwanga huo unatoka kwenye taa ndogo ya LED iliyofichwa chini ya glasi. Bluetooth ni nzuri kwa muziki, lakini kwenye filamu midomo inaweza kutangulia maneno, kwa hiyo kisimbuzi changu nimekiunga kwa zile waya nyekundu na nyeupe. Kama unafikiria kuongeza sabufa baadaye, hakikisha nyuma kuna tundu lake. Na vitufe vya besi na trebo si aibu. Nyumba ya sakafu ya vigae na kuta tupu inapiga kelele, mimi natoa trebo kidogo, nikatandika na mkeka, mambo yakatulia.

Faida ambayo sikuitegemea ilikuja siku ya mgao wa umeme. Chipu hii inafanya kazi kuanzia volti chache sana, basi nikaiunga kwenye betri ya sola ya volti 12, nikaweka fyuzi ya ampea 5 karibu na betri, na nikahakikisha chanya iko katikati ya plagi. Wati tisa zilezile nilizozilaani. Mtaa mzima giza, hakuna friji zinazonguruma, hakuna mashine ya kusaga, na kwa sauti ya maongezi tu nikawasikia Sikinde wakipiga magitaa yaliyoachana, kila moja mahali pake, nami nilizoea kuyasikia kama uji mmoja kwenye sabufa. Mama mwenye nyumba akagonga. Nikajua ni kelele. Akauliza kama anaweza kukaa kibarazani kidogo.

Dada yangu yeye ana spika ndogo za omu 4, kwa hiyo zinavuta umeme mwingi kwa volti zilezile na mashine inachemka zaidi. Nilimchukulia chipu hiyohiyo, adapta hiyohiyo, na nikamwambia aiweke mahali penye hewa, si juu ya kisimbuzi na wala isifunikwe kitambaa cha kufuma. Kitambaa kakiweka. Nimekiondoa mara mbili.

Ile twita iliyokufa bado sijapata pacha wake. Mzee wa Buguruni aliniwekea nyingine iliyokuwa karakana, inaimba, ila ni kali kidogo kwenye matoazi. Ukija kwangu kusikiliza, wahi kiti cha kulia.