Simu za Wasikilizaji Hazitoshi: Kuhusu Tathmini ya Vipindi vya Afya

SWALI: Kikundi chetu huandaa vipindi vya redio ya jamii kuhusu vyandarua vyenye dawa. Mfadhili anatutaka tutenge fedha za utafiti wa tathmini. Je, fedha hizo zisingefaa zaidi kuongezea vipindi, hali wasikilizaji wanatupigia simu kila wiki kutusifu?
Msomaji, Handeni

JIBU: Ndugu msomaji, simu hizo zinaonyesha kwamba mnasikilizwa, na hilo si jambo dogo, lakini hazionyeshi kwamba mtoto aliyekuwa akilala bila chandarua sasa analala ndani yake. Tena, aliyezima redio hapigi simu.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa hapa hapa Tanzania. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilipoanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, eneo la Dodoma liliachwa kwa makusudi bila mchezo huo hadi mwaka 1995, huku watafiti wakihoji watu wa pande zote mbili na kupitia kumbukumbu za zahanati. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kulikosikika mchezo, kisha yakaongezeka Dodoma nako ulipofika, hivyo ikawa vigumu kudai kwamba nyakati tu ndizo zilizobadilika.

Nyinyi hamhitaji utafiti mkubwa kiasi hicho. Takwimu za awali za msimu huu wa vipindi, yaani za hali ilivyokuwa kabla hamjaanza kurusha, mmeshazikosa. Kabla ya msimu ujao, tembeleeni kaya za kata moja ambayo redio yenu itaanza kufika na za nyingine ambayo haitafika, kisha mrudi msimu ukiisha. Msiulize, "Je, mnatumia chandarua?", kwa kuwa mwenyeji atawajibu ndiyo kwa heshima ya mgeni. Ulizeni ni nani na nani waliolala nyumbani humo usiku wa kuamkia leo, na nani kati yao alilala ndani ya chandarua. Halafu ombeni kwa adabu kukiona. Mkikikuta bado kimo katika mfuko wake, au kimetandazwa juu ya miche ya mchicha, msimkaripie mtu, bali mwulizeni sababu na kuiandika kama alivyoitamka. Huenda ni joto, huenda ni kukosa pa kukitundika, na hapo mtakuwa mmepata kipindi ambacho studioni msingekifikiria. Ikiwa wengi watasema vyandarua vyao vimechanika na hawajapata vingine, basi ipelekeeni zahanati taarifa hiyo mapema, maana tatizo hilo halitatuliwi na redio.