Chuo cha weusi siyo chuo cha daraja la pili

Dada angu, pole na mvutano wa nyumbani. Unasema kijana kapata nafasi chuo kikuu cha Marekani, North Carolina A&T, anataka uinjinia, ila baba yake hataki kusikia "chuo cha weusi", eti cheti hakitathaminika. Shemeji hapo kapotoka kidogo. Kile ni chuo cha serikali ya jimbo, kipo kwenye mfumo mmoja na Chapel Hill, chuo kikuu kile maarufu cha jimbo hilo hilo, na kwa kutoa mainjinia weusi Marekani nzima kinatajwa juu kabisa, makampuni makubwa yanakuja wenyewe kuajiri pale. Na hawabagui, wazungu na Walatino wanasoma humo humo. Kilianzishwa 1891 sababu vyuo vingine vilikuwa havipokei weusi, basi, siyo kwamba leo kinafundisha nusu nusu.

Mpeleke baba mtu Greensboro, mji kilipo chuo, mkatembee siku moja. Pale chuoni kuna sanamu ya vijana wanne, ndo wale wa mwaka wa kwanza walioenda kukaa kaunta ya chakula ya wazungu tu kwenye duka la Woolworth 1 Februari 1960 wakanyimwa huduma sababu ni weusi na wasinyanyuke, na jengo lenyewe sasa ni makumbusho, viti bado vipo. Akirudi bado anabisha basi ana lake jambo.

Kitu cha kukukosesha usingizi ni ada. Hakikisheni anahesabiwa mkazi wa jimbo, yaani mmeishi hapo miezi 12 na makaratasi yanaonyesha hivyo, la sivyo mtalipa ya watu wa nje, ambayo ni mara kadhaa. Na kama ana green card, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, ajaze FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali kuu, mapema, asingoje kiangazi.