Maji ya dripu na maziwa ya njiti yahesabiwe kwa pamoja

Ushauri ninaowapa kwanza wauguzi wageni katika wodi ya watoto njiti ni kwamba maji ya dripu na maziwa ya mama yahesabiwe kwa pamoja, kwa sababu yote yanaingia katika mwili mmoja mdogo. Chukua mtoto wa kilo 1.2 aliye katika siku ya tatu, ambaye daktari amemwandikia mililita 120 kwa kila kilo kwa siku, yaani mililita 144. Akilishwa mililita 3 za maziwa kila baada ya saa tatu, atakuwa amepata 24 kwa njia ya tumbo, hivyo dripu inabakiwa na 120, ambazo ni mililita 5 kwa saa. Pasipo na pampu, soluseti, yaani mpira wa dripu wenye kichupa cha kupimia, ya matone 60 kwa mililita hurahisisha kazi, maana idadi ya matone kwa dakika hulingana na mililita kwa saa. Nimewahi kupokea zamu nikakuta maziwa yameongezwa tangu jana yake na dripu imeachwa vilevile, na mtoto amevimba, anapumua kwa shida.

Hospitali nilizofanyia kazi hazikuwa na mchanganyiko kamili wa lishe ya kupitia mshipani wenye amino asidi, mafuta na vitamini, ambao huhitaji chumba safi cha kuuandalia. Tulichotundika ni glukosi, yaani maji ya sukari, ya asilimia 10. Hiyo huzuia sukari isishuke, lakini mililita 100 zake zina kilokalori 34 hivi na hazina protini hata kidogo, kwa hiyo mtoto anayeishi kwa dripu hiyo peke yake huanza kula misuli yake mwenyewe. Ndiyo maana huniuma kusikia maziwa yakiahirishwa ilhali tumbo ni laini na mtoto hatapiki nyongo. Mama asaidiwe kukamua katika saa za kwanza, hata kama yatatoka matone machache tu ya dang'a.

Mshipa nao uangaliwe kila saa, na plasta isifunike mahali kanula, kimrija cha dripu, inapoingilia, kwani glukosi ikivuja nje ya mshipa inaweza kuichoma ngozi ya njiti hadi ikawa kidonda. Maziwa yakifika takriban mililita 120 kwa kilo kwa siku, dripu iliyokuwa ikipunguzwa hatua kwa hatua iondolewe, kisha sukari ipimwe kabla ya mlo unaofuata. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, daktari aitwe papo hapo, hata iwe usiku wa manane.