Mwanakwaya umeitwa usaili wa igizo la muziki? Soma yaliyonikuta

Mleta mada umesema uko Moshi, unaimba sauti ya pili kwaya ya usharika, hujawahi kuigiza, na baada ya wiki tatu unatakiwa Arusha kwenye usaili wa igizo la jukwaani lenye nyimbo. Wachangiaji wa juu wamekwambia utafune tangawizi na umtangulize Mungu. Sawa. Ila mimi nilipita njia hiyohiyo nikiwa na miaka tisa ya kwaya, na kilichoniangusha mara ya kwanza hakikuwa koo. Ni kwaya yenyewe.

Kwenye kwaya tunafundishwa kujificha. Sauti yako ikichomoza peke yake, mwalimu anakukata jicho. Basi nikaingia ukumbini na tabia ile: nimesimama wima, mikono imebana ubavuni. Noti zote nilizipatia. Mwongozaji akaniuliza, "Ulikuwa unamwambia nani?" Nikabaki nimetoa macho.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usiimbe sana. Chukua maneno ya wimbo wako, tuni iweke pembeni, yaseme kama unavyoongea na mtu soko la Mbuyuni. Neno "nimerudi" ukimwambia baba aliyekufukuza si lile unalomwambia mtoto uliyemwachia bibi. Mchague mtu mmoja, umuweke ukutani juu kidogo ya vichwa vya waamuzi, umwimbie yeye. Waamuzi wenyewe usiwakazie macho, wanakuwa na kazi ya kuandika.

Ukisema maneno hivyo utaona jambo jingine. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, lakini katika nyimbo nyingi zilizotafsiriwa, zikiwemo tenzi tulizokulia, tuni inakaza pengine kabisa. Kanisani hatusikii tena kwa sababu kila mtu anajua maneno. Ukumbini msikilizaji neno linampita. Ndiyo maana nakushauri wimbo uliotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Urefu: achana na beti nne. Wengi husikiliza baa 16 (baa ni kipande kifupi cha wimbo chenye idadi maalumu ya mapigo), wakiwa wakarimu 32. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, baa 16 za mapigo manne manne ni sekunde 32 tu. Mimi nilianza na ubeti wa kwanza kwa utulivu, nikitegemea kiitikio ndiyo kiwamalize. Nikasimamishwa kabla ya kukifikia. Nililia kwenye Kosta kuanzia Tengeru hadi Boma Ng'ombe, abiria wa jirani akadhani nimefiwa. Baadaye nikaambiwa kusimamishwa si kufeli, wanakuwa wameshasikia walichotaka. Anza pale wimbo unapokolea.

Halafu Do yako, yaani noti ya msingi inayoamua wimbo ukae juu au chini kiasi gani. Karatasi za kwaya zinakuja Do imeshapangwa, G au F, na sisi tunafuata tu. Mwombe mpiga kinanda wenu nusu saa, akupandishie na kukushushia nusu toni nusu toni mpaka mkute mahali ambapo noti ya juu kabisa unaifikia saa mbili asubuhi, ukiwa na usingizi. Hapo ndipo pako. Kile unachokifikia Jumapili saa tano, baada ya nyimbo sita, kisikudanganye. Iandike hiyo Do kwenye karatasi, kwa sababu ukiulizwa siku ile utasahau hata jina lako.

Mazoezi yafanyie mgombani. Sitanii. Kanisa lina mwangwi unaokubembeleza, ukiteleza linakufichia. Migomba haikurudishii kitu. Pumzi ikikatika unaisikia ilipokatikia. Ila usijibu ukimya ule kwa kupiga kelele. Jirekodi kwa simu, sikiliza jioni, umia kidogo, kesho rudi.

Kuhusu tangawizi: unachokimeza kinapita umio, hakigusi nyuzi za sauti. Kingezigusa ungekohoa mpaka machozi. Chai inatuliza koo, basi. Maji kunywa tangu jana yake, maana yanazifikia nyuzi kwa kupitia mwilini, taratibu. Mkesha wa Ijumaa kabla ya usaili omba udhuru, hata mwenyekiti wa kwaya akinuna. Na kunong'ona si kupumzisha sauti, nyamaza kabisa.

Kama una ndugu Arusha, lala kwake. Ni kilomita 80 hivi tu kutoka Moshi, lakini Kosta inaposimama kila kituo utafika umechoka, na umeongea na simu njia nzima juu ya kelele za injini. Mwezi wa sita na wa saba beba na sweta. Arusha iko juu kuliko Moshi na asubuhi baridi inakubana kifua. Fika mapema, tafuta kona, piga midomo brrr kama mtoto anayeendesha gari la mabati, kisha guna kwa mdomo uliofungwa, kutoka chini kwenda juu.

Kipengele cha kucheza kisikutishe. Vaa raba na suruali inayokunjika. Wanakufundisha hatua chache palepale, na wanamtazama zaidi aliyekosea akaendelea kuliko aliyepatia.

Mara ya pili nilipewa muuza ndizi: mistari sita na ubeti mmoja. Niliupenda ubeti ule kuliko miaka tisa yote.

Ukishachagua wimbo rudi hapa useme ni upi, unamwimbia nani na Do umeiweka wapi. Nitakujibu.