Uso unawasha na kuchoma, na losheni ni ileile ya siku zote

Swali: Dokta, mashavu na kope zinaniwasha wiki kadhaa sasa, nikinawa panachoma, ngozi inabanduka. Sijabadilisha losheni. Kuna tyubu nilipewa na rafiki, nikipaka inatulia, nikiacha inarudi vibaya zaidi. Shida nini?

Jibu: Pole sana. Losheni kuwa ileile haiiondoi kwenye orodha ya washukiwa. Mzio wa ngozi unaweza kuanza kwa kitu ulichotumia miaka bila shida, halafu hautokei palepale, mara nyingi ni baada ya siku 1 mpaka 3, ndo maana mtu analaumu cha leo asubuhi kumbe ni cha juzi. Wasumbufu wakubwa ni manukato, dawa za kuzuia losheni isiharibike, na rangi nyeusi ya nywele. Kope ngozi yake nyembamba mno, rangi ya kucha inaweza isikudhuru vidoleni ila ukijishika macho zikavimba, mimi mtu akija na kope zinazowasha namwangalia kucha kwanza.

Huko kuchoma ukinawa kunaonyesha ngozi imeshachubuka. Sabuni ya kipande ina pH (kipimo cha asidi na magadi, 7 ndo katikati) ya 9 hadi 10, yaani magadi, uso uko kwenye 5 hivi, yaani asidi kidogo, sasa ongeza maji ya moto na skrabu, unategemea nini?

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo tyubu. Soma kama imeandikwa betamethasone au clobetasol, hizo ni steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho), usoni zinaleta vipele kuzunguka mdomo na ngozi kuwa nyembamba, na kama ni fangasi zinaificha tu huku inasambaa. Kama umepaka muda mrefu usiikate ghafla, nenda nayo kwa daktari wa ngozi akupangie namna ya kuiacha.

Kama kuna magamba yenye mafuta kwenye nyusi na pembeni ya pua, na kichwani una mba, huo ni ugonjwa mwingine wa ngozi, siyo mzio, dawa yake ni ya fangasi kama ketoconazole.

Kwa sasa acha vipodozi vyote, nawa maji ya uvuguvugu, paka vaselini tupu. Ukitulia rudisha kimoja kimoja, kila kimoja kijaribu kwanza ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10, ndo kiende usoni. Macho au midomo ikivimba ghafla au pumzi ikibana, kimbia hospitali muda huohuo.